Giza la Kushoto

Daktari wa macho alivimwaga vidonge vya presha mezani, akavitenga mafungu mawili.

"Hivi ni vyako, Bi Mwanakombo. Na hivi?"

"Vya marehemu mume wangu, Shaame. Kiharusi kilimchukua kabla hajavimaliza. Nikaona nivimeze pamoja na vyangu kila ninapolala, kisije kikanichukua na mimi."

Daktari akashusha pumzi. Alimweleza kwamba dozi mbili zilikuwa zikiishusha presha yake kupita kiasi usingizini, na mshipa wa fahamu wa jicho, uliokwisha kudhoofishwa na glakoma, yaani presha ya jicho lenyewe, ukawa unakosa damu. Ndiyo maana jicho la kushoto lilikuwa na giza pembeni.

Bi Mwanakombo alilijua giza hilo. Lilianza siku chache baada ya kutoka eda, likakaa kushoto kwake, pale pale alipokuwa akikaa Shaame wakinywa chai. Kila asubuhi alilisalimia.

"Nikiviacha vyake, litaondoka?"

"Hapana, mama. Palipokwisha kufa hapaponi. Tutazuia tu lisiongezeke."

Mkono wake ulikawia juu ya fungu la marehemu, kisha akalisukuma kwa daktari. Akajivuta kulia kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.