Rula ya Mwalimu Alistidia

Rula ilitua mara ya tatu kwenye vidole vilevile, na Kokwijuka akaandika jibu lilelile.

"My father is tiring," Mwalimu Alistidia akalisomea darasa zima. "Yaani mzee wetu, Ta Karugendo, anachosha watu. Ndivyo binti yake alivyoandika. Nani kati yenu amewahi kuchoshwa na Ta Karugendo?"

Wasichana wa darasa la nane wakacheka. Kokwijuka alitaka kueleza kwamba baba yake alikuwa ametoka kupalilia kahawa, na kwamba aliyechoka ni yeye. Kinachochosha huishia na -ing, aliyechoka huishia na -ed. Nyumbani alilijua hilo. Mbele ya rula lilimtoka.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, na mtihani ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Kwao Kanazi maneno yalikuwa yamekwisha: akifaulu, ataenda chuo cha ualimu, akianguka, ataolewa na Philbert Rugaibula, karani wa kahawa kutoka Nyanga. Wazee wa Rugaibula walikwisha kuleta mitungi miwili ya pombe ya ndizi. Mwenyewe alikuwa mtu mzima, ana baiskeli na nyumba ya bati. Kokwijuka alikuwa amemwona mara mbili, na mara zote mbili alikimbilia migombani.

Katika masomo yote, lililomtisha lilikuwa Kiingereza tu.

Mwalimu aliipata habari ya posa kwa bahati. Benigna, aliyekaa dawati moja na Kokwijuka, alimtania siku moja kwamba huyu hana haja ya sarufi, ana haja ya mkeka wa kukalia siku ya arusi. Mwalimu akauliza anaolewa na nani. Akaambiwa Rugaibula.

"Rugaibula yupi?"

Akaambiwa Philbert, yule wa Nyanga. Mwalimu akageuka akafuta ubao, ingawa hakuna aliyekuwa amemaliza kunakili.

Tangu siku hiyo alimshikia Kokwijuka uadui wa waziwazi. Wengine walipokwenda nyumbani, yeye alibakizwa. Ilikuwa sentensi ishirini kila siku, kwanza za vivumishi vilivyozaliwa na vitenzi, kisha za vielezi vyake: namna ya kusema kwamba mtu amejibu kwa uchovu, amecheka kwa kuudhi, ametazama kwa mshangao. Kosa moja, anarudia zote. Mwalimu alimwambia kwamba kichwa chake hakina tofauti na mkungu wa ndizi, ila mkungu mwishowe huiva.

Benigna alikuwa na maelezo yake. Alisema mwalimu anataka Kokwijuka aache shule mwenyewe, kwa kuwa hapendi kuona mtoto wa mkulima akishika chaki. Kokwijuka aliamini. Jioni moja, mvua ikipiga bati, aliweka kalamu chini akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani na asirudi tena.

Mwalimu akaja akasimama juu yake.

"Kama unamtaka yule mwanaume, sema sasa, niache kumaliza chaki."

"Simtaki, Mwalimu."

"Unasema kweli?"

"Kweli."

"Basi andika."

Akaandika. Vidole vilivimba hata akashindwa kumenya ndizi, na mama yake akamenya peke yake bila kuuliza. Kwa wiki nyingi Kokwijuka alimchukia mwalimu yule kwa moyo wake wote, chuki ambayo hakujua anayo. Kisha siku moja, wakipura maharage na mama yake, akajikuta anapanga maneno kichwani: maharage yaliyopurwa, kazi inayochosha, mama aliyechoka. Akayapitia tena kwa Kiingereza. Hakukosea hata moja.

Katika mtihani, swali la sita lilikuwa na mapengo kumi ya maneno ya namna hiyo hiyo. Kokwijuka aliyajaza yote, akakaa akitazama dirishani huku Benigna akitafuna kalamu.

Alifaulu. Ta Karugendo akatimiza ahadi yake. Mitungi ya Rugaibula ikarudishwa Nyanga ikiwa na pombe mpya, ili pasiwe na ugomvi. Mama akatoa jogoo na mkungu mmoja wa ndizi vipelekwe kwa mwalimu.

Njiani Kokwijuka alijionea aibu. Sasa ilikuwa wazi kwake kwamba ukali ule wote ulikuwa upendo. Akapiga magoti mlangoni akasalimu, akasema asante kwa sauti isiyosikika vizuri. Mwalimu hakumkaribisha ndani, wala hakumpa kahawa ya kutafuna, ambayo hata mgeni asiyejulikana hupewa.

"Mwambie mama yako asinishukuru," alisema. "Sikufanya kwa ajili yako."

"Lakini umeniokoa, Mwalimu."

"Nenda huko chuoni, ukae mpaka umalize."

Akapokea jogoo, akauacha mkungu nje, akafunga mlango.

Kokwijuka alirudi akifuta machozi. Aliwaza kwamba kuna watu wema ambao huona haya kushukuriwa.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari yake, padri alifungua daftari la matangazo ya ndoa. Aliposoma jina la Philbert Rugaibula wa Nyanga, Ta Karugendo, aliyekaa upande wa wanaume, aligeuka kumtafuta binti yake. Kokwijuka aliinamisha kichwa. Alikuwa ameanza kumwonea huruma msichana huyo, yeyote awaye, aliyekosa mtu wa kumtetea.

"Naye anayetaka kufunga ndoa na huyo," padri akaendelea, "ni Alistidia Kokuberwa, mwalimu wa shule yetu ya wasichana."