Kipande cha Pili cha Kanga

Mzee Sekibaha alipofika chini ya maporomoko alikuta mwamba mkavu. Wenzake wa lile basi la matembezi walikuwa wanapiga picha na jiwe.

"Maji yako wapi, mama?" alimuuliza mwongozaji.

"Yamefungwa kule juu bwawani, baba. Wakubwa huyafungulia wakija wageni wao."

"Na sisi ni nani? Kuku?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Miaka thelathini mkewe, Nambua, alikuwa anamwambia, nipeleke nikarukiwe na yale maji, hata mara moja tu. Naye akawa anajibu, mwakani. Kanga ya safari ikakaa sandukuni. Kipande kimoja walimfunika nacho siku ya kumzika. Cha pili ndicho alichokuja nacho leo, kikalowe hapa, akakitandaze kaburini kikiwa bado kibichi.

"Kuna bomba pale chooni," mwongozaji alisema kwa upole, mzee alipokwisha kumweleza haja yake. "Kiloweshe hapo, baba."

"Bomba hata nyumbani ninalo. Nalo kavu, na wakubwa ni hao hao."

Honi ya basi ikalia. Watu wakaanza kupanda ngazi. Mzee Sekibaha akakitandaza kile kipande juu ya mwamba, palipobaki utelezi wa kijani, akaketi kando yake.

"Baba, basi linatuacha!" mwongozaji alimwita.

"Tangulieni. Yeye alinisubiri miaka thelathini."

Akainua uso kuutazama ukingo wa juu, mkono mmoja ukishikilia pindo la kanga lisipeperuke.