Shati la Mzee Mbwambo

Siku hizo, kila aliyepata kiharusi alipewa na mtaalamu wa tiba kazi, anayewafundisha wagonjwa kujihudumia upya, shati linaloongea, limpime kama bado anakataa kujivalisha mwenyewe, anafikiria, anajiandaa au anatenda. Mwaka mzima Mzee Mbwambo alisema anajiandaa. Kila asubuhi aliketi kitandani, mkono ameulegeza, mkewe Namsifu akimfungia vifungo huku akimpasha habari za majirani.

"Taratibu, mama Eliamani. Mkono bado."

"Hongera, mzee," shati likasema kwa upole. "Miezi mitatu sasa, mkeo akienda sokoni, unavifunga vyote mwenyewe. Umehitimu. Kuanzia kesho vifungo vitatii vidole vyako tu."

Namsifu alikuwa amefika kifungo cha mwisho. Alimtazama mumewe, akavifungua vyote, akaanza upya kutoka juu.