Waya Juu ya Ukuta

Kompyuta ya Yusimí ilizima kila alipoanza kuunganisha video za sherehe za wateja wake, na chanzo kilikuwa mumewe, Orestes. Alikuwa ameongeza kasi ya prosesa kupita kiwango chake ili kazi za mkewe ziishe mapema.

"Nilikwambia usiiguse," Yusimí alisema. "Ilikwenda polepole, lakini ilikwenda."

"Tulia, mama," Orestes alimjibu mkewe. "Mipangilio imegoma kurudi ya zamani, kwa hiyo naandika upya programu ya bodi kuu. Umeme usikatike tu; ukikatika katikati, bodi inakufa."

Umeme ulikuwepo. Mtaa wa nyuma ndio uliokuwa gizani, na kama wafanyavyo watu wa mji wa Holguín mitaa inapokatiwa umeme kwa zamu, Orestes alikuwa amempitishia jirani wa huko waya juu ya ukuta ili achaji simu.

Mstari mweupe ulitambaa kwenye skrini, ukionyesha uandishi ulipofikia. Orestes aliondoa mikono mezani, asije akagusa kitu. Mstari ulipofika katikati, swichi kuu ya umeme wa nyumba ilijikata. Feni ya kompyuta ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Jirani, umewasha nini?" Orestes aliuliza kupitia dirisha.

"Sufuria ya umeme, kaka. Maharage tu. Mbona umenizimia?"

Jirani alipochomoa sufuria, Orestes akapandisha swichi. Taa ziliwaka. Kompyuta haikuwaka tena.

Yusimí alichukua simu. Alimpigia mteja wake, mama wa binti aliyefanyiwa sherehe ya kutimiza miaka kumi na tano, akamwambia atafute fundi mwingine wa kuunganisha video ya sherehe hiyo.

Bodi kama ile Holguín haipatikani. Faida yote aliyoitafuta Orestes ilikuwa video kuisha dakika chache mapema. Badala yake kompyuta ilipotea, na pamoja nayo kazi pekee iliyowalisha wote wawili.