Sindano ya Nyau

Fundi cherehani alivuta ngozi ya shingo ya Nyau, paka wake mwenye ugonjwa sugu wa tumbo, ili amdunge vitamini ya wiki hiyo. Akashtuka. Manyoya yalikuwa yamelowa kidogo, yananukia spiriti.

Dawa nayo ilikuwa imepungua chupani.

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama mkwe, ambaye kwa miaka mitatu hakuchoka kusema, "Hilo jipaka likatupwe."

"Mama, nani kamdunga Nyau?"

"Mimi." Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele, hakuinua uso. "Mkono wako mzito, mwanangu. Unamuumiza."

Fundi akaishusha sindano, hajui ashukuru au agombe. Nyau akamponyoka, akaenda kujilaza miguuni pa mama mkwe, mahali alipopazoea.