Kona ya Nne

Mzee Lwitiko alikunja kona ya tatu ya ringi ya mraba ya kushikia nondo za nguzo, kisha akaiegemea meza yake ya kukunjia nondo. Mabega yalimuuma. Kando yake mashine mpya ilitema ringi bila kuhema.

"Baba, kesho msimamizi anaing'oa hiyo meza," alisema Tabia, mwendesha mashine. "Njoo unishikie nondo huku. Hii haiombi hata chai."

"Ndiyo maana haina adabu."

Tabia akacheka. Mzee akavaa shati.

"Umebakiza kona moja!"

"Najua. Kwetu mafundi, meza yenye ringi wazi haing'olewi mpaka mwenyewe aje aifunge."

Tabia alizima mashine. Akachukua turubai la kuifunikia, akalitandaza juu ya meza.