Kidani Ndani ya Choroko

Hivi wewe, ni lini mara ya mwisho ulimwambia mtu ugua pole? Pale Muheza maneno hayo yalikwisha sahaulika, maana kila mtu alivaa kidani chenye mashine iliyonusa ugonjwa kabla haujaingia, dawa ikaletwa mlangoni. Nesi Mwajabu, aliyezoea kukesha na wagonjwa, sasa alikuwa akifuta vumbi kwenye vitanda vitupu.

Siku moja mumewe, Mzee Shehoza, alivua kidani aende kuoga. Mwajabu akakificha ndani ya chungu cha choroko.

"Wale wanaoleta dawa wamekichukua kwenda kukichaji," alimwambia.

Homa ikaja kweli. Mwajabu akamkanda kwa kitambaa cha maji, akampikia uji wa pilipili manga, akamnywesha kijiko kwa kijiko, moyo ukimchezacheza kama bi harusi.

"Mama Somoe, mikono yako ina baraka," mzee alisema, meno yakigongana. "Ile mashine ingejua kukanda hivi, ningeiposa!"

Mwajabu alicheka huku akitazama pembeni. Alipogeuka, aliona macho ya mumewe yamekuwa manjano. Akakimbilia chungu, akamvisha kidani. Kikakaa kimya, maana kilijua ugonjwa unaokuja tu, siyo uliokwisha fika.

Mzee alibandua punje ya choroko shingoni, akamtazama.

Mwajabu aliinamisha uso. "Nilitaka uugue, Baba Somoe. Kidogo tu, nipate kukuuguza."